Bei ya Desemba si Utabiri wa Desemba

Tangu tarehe 4 Julai 2019, Soko la Hisa la Nairobi limekuwa na tawi ambalo Wakenya wengi hawalijui, na ambalo baadhi ya wanaolijua wanalielewa kinyume. Tawi hilo linaitwa NEXT. Humo hisa zenyewe hazinunuliwi wala haziuzwi. Kinachonunuliwa na kuuzwa ni mikataba ya baadaye: pande mbili hukubaliana leo juu ya bei, kisha hesabu ya mwisho hukatwa siku iliyotajwa, ambayo ni Alhamisi ya tatu ya mwezi wa Machi, Juni, Septemba au Desemba. Imo mikataba inayohusu kampuni mojamoja, kama vile Safaricom, Equity na KCB. Umo pia mkataba unaohusu fahirisi ya NSE 25, yaani kipimo kimoja kinachojumlisha mwenendo wa bei za hisa za kampuni 25.

Taaluma yangu ni isimu, wala sidai kuwa mchumi. Nimeshika kalamu kwa sababu ya sentensi moja ambayo nimeisikia mara kadhaa hapa Isiolo, katika vyumba vya walimu na miongoni mwa wanafunzi wa vyuo waliorudi nyumbani likizoni. Sentensi yenyewe ni hii: “Soko lenyewe limekwisha kusema kwamba hisa zitapanda, kwa maana bei ya Desemba iko juu ya bei ya leo.” Wanaoianzisha ni watu wanaotafuta wateja. Wanaoirudia ni watu wenye akiba ndogo, ambao mshahara wao hauna nafasi ya kubeba hasara. Sentensi hiyo ni ya uongo, na uongo wake unaweza kuonyeshwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaimudu.

Hesabu hiyo inategemea maneno mawili ambayo kila mwalimu mwanachama wa Sacco ameyasikia katika mkutano mkuu wa mwaka. La kwanza ni riba. La pili ni lile ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita gawio, nasi huku Kenya aghalabu tukaliita mgao wa faida. Riba ni malipo ya kutumia fedha za mtu kwa muda fulani. Akopaye huitoa, na awekaye akiba huipokea. Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni au chama huwagawia wenye hisa. Mwalimu aliyesoma taarifa ya Sacco yake na kuona mstari wa riba ya akiba na mstari wa gawio la hisa, tayari anazo silaha zote zinazohitajika kuufahamu mkataba wa baadaye. Kilichobaki ni kuonyesha jinsi maneno hayo mawili yanavyovutana.

Tuanze na mfano wa mnada wa mifugo. Chukua ngamia jike mwenye maziwa ambaye bei yake leo ni shilingi 100,000. Mnunuzi anamtaka, lakini anataka akabidhiwe na kulipa baada ya miezi sita. Je, bei ya haki ya miezi sita ijayo ni ipi? Mwenye ngamia atafikiri hivi: “Kama ningemuuza leo, fedha zangu zingezaa. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, laki moja ingenipa shilingi 6,000 katika nusu mwaka. Basi lazima nifidiwe 6,000 kwa kusubiri.” Hiyo ni hoja ya kweli. Lakini mnunuzi naye ana hoja yake: “Katika miezi hiyo sita maziwa yote utayakama na kuyauza wewe. Tuseme, baada ya kumlipa mchungaji, yanakuachia shilingi 9,000. Mimi siyaonji. Basi punguza 9,000.” Wakikata hesabu kwa haki, bei itakuwa 100,000 kuongeza 6,000 kutoa 9,000, yaani shilingi 97,000.

Tafadhali tazama matokeo hayo kwa makini. Bei waliyokubaliana ni ndogo kuliko bei ya leo, na hali hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba ngamia watashuka bei. Wala hawakuzungumza juu ya mvua, wala ukame, wala wanunuzi kutoka Nairobi. Walizungumza juu ya mambo mawili tu: gharama ya fedha na thamani ya maziwa. Lau maziwa yangekuwa ya shilingi 2,000 tu, bei ingekuwa 104,000, na hapo pia hakuna ambaye angekuwa ametabiri kwamba ngamia watapanda.

Mkataba wa fahirisi ya hisa hufuata kanuni hiyo hiyo. Hisa ndiyo ngamia, gawio ndilo maziwa, na riba inabaki kuwa riba. Bei ya haki ya mkataba ni thamani ya fahirisi leo, ukiongeza riba ya muda uliobaki, ukitoa magawio yatakayotolewa katika muda huo. Anayenunua mkataba hapati gawio lolote, kwa sababu jina lake halimo katika daftari la wenye hisa. Kwa upande wa pili, hakulazimika kutoa bei yote leo. Ametoa amana ndogo tu, na fedha zake nyingine ziko benki au katika hati za hazina zikimletea riba. Amekosa maziwa, lakini amebaki na fedha zake.

Neno fahirisi lisimtishe msomaji. Katika vitabu tunalijua kuwa ni orodha ya mambo yaliyomo. Katika uchumi ni namba moja inayowakilisha vitu vingi. Wafugaji wa kaskazini wamekwisha kuishi na fahirisi ya aina nyingine: ile bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 na baadaye ikafika Isiolo, ambayo hulipa kwa kutazama kipimo cha ukijani wa malisho kinachopigwa na setilaiti, bila ya kuhesabu mizoga. Huko pia watu walifunga mkataba juu ya namba.

Sasa tutie tarakimu. Tuchukue fahirisi iwe pointi 4,000, na kila pointi iwe na thamani ya shilingi 100, kama ilivyowekwa katika mkataba wa NSE 25. Mkataba mmoja basi ni wa shilingi 400,000. Umebaki miezi sita. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, yaani asilimia 4 kwa nusu mwaka, sawa na pointi 160. Magawio yanayotarajiwa katika muda huo ni asilimia 3 ya thamani ya hisa, sawa na pointi 120. Bei ya haki ni 4,000 kuongeza 160 kutoa 120, yaani pointi 4,040. Yule mwenye kutafuta wateja atasema: “Mnaona? Soko linatazamia kupanda kwa pointi 40.” Soko halikutazamia lolote. Pointi 40 ni tofauti ya riba na gawio, basi.

Tubadilishe riba peke yake. Iwe asilimia 16 badala ya 8. Riba ya nusu mwaka inakuwa pointi 320, na bei ya haki inapanda hadi 4,200. Kwa mkataba mmoja hiyo ni tofauti ya shilingi 16,000, ilhali hakuna kampuni hata moja iliyouza bidhaa zaidi wala iliyopata faida zaidi. Sikuzitoa tarakimu hizo mbili hewani. Mwanzoni mwa mwaka 2024, wakati Benki Kuu ya Kenya ilipokuwa imepandisha kiwango chake cha msingi hadi asilimia 13, hati za hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16. Kufikia katikati ya mwaka 2025, baada ya Benki Kuu kukiteremsha kiwango hicho hatua kwa hatua, hati hizo hizo zilikuwa zikilipa kama asilimia 8. Kwa hiyo, katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, sehemu ya riba katika bei ya mkataba ilipungua kwa nusu. Mtu aliyedhani kwamba pengo kubwa la mwaka 2024 lilikuwa ni matumaini ya soko, na kwamba pengo dogo la mwaka 2025 lilikuwa ni kukata tamaa kwake, alisoma ukurasa wa Benki Kuu akidhani anausoma ukurasa wa kampuni.

Tena inafaa kukumbuka ya mwaka 2024 kwa sababu nyingine. Riba kubwa kwa kawaida huzibana bei za hisa zenyewe. Mwenye fedha, akiona serikali inamlipa asilimia 16 au zaidi bila ya bughudha, huwa hana haja kubwa ya hisa. Mwezi wa Februari mwaka huo, serikali iliuza hati ya dhamana ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, na fedha nyingi zikakimbilia huko. Basi riba ile ile inayoielemea bei ya leo ndiyo inayolipanua pengo baina ya bei ya leo na bei ya baadaye. Asiyeitenganisha mivuto hiyo miwili ataona mkanganyiko mahali ambapo pana utaratibu.

Upande wa gawio una mambo yake, na kwa maoni yangu ndio wenye kuhitaji uangalifu zaidi. Riba ya miezi mitatu au sita ijayo huweza kujulikana leo, kwa sababu hati ya hazina hununuliwa kwa bei iliyokwisha kutangazwa. Gawio halijulikani hadi bodi ya wakurugenzi itamke, na hata ikitamka, neno lake si la mwisho hadi wanahisa wakutane. Riba ni mkataba; gawio ni ahadi.

Aidha, magawio hayaji sawasawa mwaka mzima. Kila kampuni hutangaza siku ya kufunga daftari. Aliyemo daftarini siku hiyo atapata gawio. Anayenunua baadaye hapati, na kwa hiyo bei ya hisa huelekea kushuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio hilo. Benki zetu nyingi hufunga mwaka wao mwezi wa Desemba, hutangaza matokeo mwezi wa Machi, na daftari hufungwa katika miezi inayofuatia. Safaricom, ambayo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote sokoni, hufunga mwaka wake mwezi wa Machi. Gawio lake la mwisho hulipwa kwa kawaida kufikia mwisho wa Agosti. Katika mwaka uliokwisha Machi 2025 gawio lake lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa, senti 55 zikiwa za awali na senti 65 za mwisho. EABL, yenye kufunga mwaka mwezi wa Juni, ina majira yake pia.

Maana yake ni kwamba mkataba unaoishia Juni na mkataba unaoishia Septemba hubeba maziwa ya mifugo tofauti. Tuseme basi kwamba nusu mwaka fulani imeangukiwa na magawio mengi, na jumla yake ni asilimia 6 badala ya 3. Kwa riba ya asilimia 8 hesabu yetu inakuwa 4,000 kuongeza 160 kutoa 240, yaani 3,920. Bei ya mkataba imekuwa chini ya bei ya leo kwa pointi 80. Msomaji asiyejua atapiga mbiu kwamba soko linatazamia anguko. Kumbe ni msimu wa kampuni kugawa faida, na kama kuna la kusemwa, ni kwamba kampuni hizo zinafanya vyema.

Ahadi ya gawio inaweza pia kuvunjika, nasi tuliliona hilo. Mwezi wa Machi 2020 kikundi cha Equity kilipendekeza gawio la shilingi 2.50 kwa kila hisa kutokana na faida ya mwaka 2019. Mwishoni mwa Mei mwaka huo, janga la korona likiwa limetanda, bodi iliondoa pendekezo hilo ili kuhifadhi fedha. Soko la NEXT lilikuwa halijatimiza hata mwaka mmoja. Yeyote aliyekuwa amekokotoa bei ya mkataba wa Equity kwa kutoa shilingi 2.50 alijikuta na hesabu isiyo na msingi: kwa kila hisa 1,000, tofauti ni shilingi 2,500. Na angalia mwelekeo wake. Gawio likiondolewa, hisa yenyewe huweza kushuka kwa sababu ya hofu. Lakini bei ya mkataba, ikilinganishwa na bei ya hisa siku hiyo, hupanda, kwa kuwa hakuna tena maziwa ya kutoa. Ni sawa na ukame unaoyakausha maziwa: ngamia hushuka bei leo, na papo hapo mnunuzi wa baadaye hupoteza haki ya kudai punguzo la maziwa.

KCB nayo haikulipa gawio lolote kwa mwaka 2023, kisha ikalipa jumla ya shilingi 3 kwa kila hisa kwa mwaka 2024. Kwa hiyo katika majira ya gawio ya mwaka 2024, maziwa ya KCB hayakuwapo na riba ilikuwa kubwa. Katika majira ya 2025, maziwa yalirudi na riba ikawa imeshuka. Mambo yote mawili yalisukuma upande mmoja kila mara: mwaka wa kwanza kulipanua pengo juu ya bei ya leo, mwaka wa pili kulibana.

Huenda msomaji akauliza: ni nani anayelilazimisha soko kuifuata hesabu hii? Jibu ni tamaa ya faida. Tuseme bei ya haki ni 4,040, lakini watu wenye shauku wameipandisha bei ya mkataba hadi 4,300. Mwenye mtaji atakopa shilingi 400,000 kwa asilimia 8, atanunua hisa zote za fahirisi kwa uwiano wake, na papo hapo atauza mkataba kwa 4,300. Miezi sita ikiisha atakuwa na haki ya shilingi 430,000 na magawio ya 12,000; atalipa deni la 416,000. Atabaki na shilingi 26,000, iwe soko limepanda au limeanguka. Wakiwa wengi wa namna yake, kule kuuza kwao mikataba kutaiteremsha bei mpaka iirudie hesabu. Bei ikiwa chini mno, wenye hisa nyingi, mathalani mifuko ya pensheni, watafanya kinyume chake: watauza hisa, wataweka fedha katika hati za hazina, na watanunua mikataba.

Hapa Nairobi, hata hivyo, kamba hiyo imelegea. Ada za kununua hisa na ada za kuziuza hukaribia asilimia 2 kila upande. Katika mfano wetu hiyo ni kama shilingi 16,000 kwenda na kurudi. Kati ya zile 26,000 zinabaki 10,000. Na hiyo ni kwa anayekopa kwa asilimia 8. Mwishoni mwa mwaka 2024 benki za biashara zilikuwa zikitoza wastani wa zaidi ya asilimia 16 kwa mikopo. Anayekopa kwa asilimia 17 atalipa riba ya 34,000, na kabla ya ada atabaki na 8,000 tu; akitoa ada, amepata hasara ya 8,000. Kwa hiyo mtego ule ule ambao ni faida kwa taasisi kubwa ni shimo kwa mwalimu mwenye mkopo wa benki. Na kwa kuwa wanaofanya biashara katika NEXT ni wachache, bei inaweza kukaa mbali na hesabu kwa muda mrefu bila ya kurekebishwa. Hilo ni onyo la ziada: pengo lisiloelezwa na riba wala gawio, katika soko jembamba, mara nyingi ni dalili ya uchache wa wauzaji na wanunuzi.

Kama kuna anayetaka ushahidi mpana zaidi kwamba bei hii haitabiri, autazame mfano wa Marekani, ambako mikataba ya fahirisi za hisa ilianza mwaka 1982, kwanza Kansas City mwezi wa Februari, kisha Chicago mwezi wa Aprili. Kuanzia Desemba 2008 hadi Desemba 2015, riba ya benki kuu ya huko ilikaa karibu na sifuri, chini ya kiwango cha magawio ya kampuni. Kwa hiyo mikataba ya fahirisi ya S&P 500 kwa kawaida ilikuwa chini kidogo ya bei ya siku. Lau bei hizo zingekuwa utabiri, tungesema soko lilitabiri kushuka kwa miaka saba mfululizo. Kumbe katika miaka hiyo saba fahirisi hiyo ilipanda zaidi ya maradufu.

Hapa ndipo isimu inapopata la kusema. Lugha yetu ina kiambishi -ta-, ambacho hutaja jambo litakalokuja: bei itapanda, mvua itanyesha. Ina pia kiambishi -ki-, ambacho huweka sharti: ukisubiri, ukilipa riba, ukikosa gawio. Bei ya mkataba wa baadaye imejengwa yote kwa -ki-. Inasema: ukitaka hisa hizi siku ile badala ya leo, ukibaki na fedha zako zikizaa riba, na ukiyaacha magawio kwa mwenzio, basi kiasi cha haki ni hiki. Yule mwenye kutafuta wateja anaichukua sentensi ya -ki- na kuisoma kwa -ta-. Nasi walimu, ambao kila siku tunawakosoa wanafunzi kwa kuchanganya viambishi, hatuna udhuru wa kulinyamazia kosa hili linapogusa mifuko ya watu. Jina lenyewe, mikataba ya baadaye, linachangia upotovu, kwa kuwa linaashiria kwamba bei imeshuka kutoka katika siku zijazo. Viungo vyake vyote ni vya leo: bei ya leo, riba ya leo, na magawio kama yanavyotarajiwa leo.

Siwezi kuandika juu ya riba nikiwa Isiolo na nikalipita swali ambalo wasomaji wengi wa hapa watakuwa nalo. Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuongezeka, na kwa Mwislamu lina uzito wa sheria ya dini. Si kazi yangu kutoa fatwa. Ninachoweza kueleza ni kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika azimio lake la Jeddah la mwaka 1992 kuhusu masoko ya fedha, lilikataa kununua na kuuza fahirisi. Na kwamba fiqhi inayo njia yake ya kale ya biashara ya baadaye, yaani salamu, ambamo mnunuzi hulipa bei yote leo na kupokea bidhaa iliyotajwa wazi siku iliyotajwa wazi. Mwenye kushikilia dini yake na aende kwa wanazuoni wake akiwa ameielewa hesabu, ili ajue anauliza nini. Kutojua riba imejificha wapi katika bei si njia ya kuiepuka.

Je, tufanye nini? Kwanza, Soko la Hisa la Nairobi na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji yafaa wachapishe kwa Kiswahili, mahali pamoja, tarehe za kufunga madaftari ya kampuni zote zilizomo katika NSE 25 pamoja na bei ya haki ya kila mkataba, ili mwananchi aone kwa macho yake ni sehemu gani ya bei inayotokana na riba na ni ipi inayotokana na gawio. Taarifa hizo zipo, lakini zimetawanyika na zimeandikwa kwa lugha ya wenye kazi hiyo.

Pili, walimu wa hesabu na wa masomo ya biashara wana mfano mzuri hapa wa kufundishia asilimia. Bei ya ngamia, riba ya miezi sita na thamani ya maziwa ni mambo ambayo mwanafunzi wa Isiolo, Garbatulla au Merti hahitaji kuelezwa. Akiisha kuikata hesabu hiyo, mpeni fahirisi. Kisha mpeni tangazo lolote linaloahidi utajiri, mwambie atafute riba iko wapi na gawio liko wapi.

Tatu, mwalimu yeyote anayeshawishiwa kuingia katika mikataba hii na aulize maswali manne kabla ya kutia sahihi. Riba iliyotumika katika bei hii ni ipi, ya hati za hazina au nyingine? Ni kampuni zipi zitakazofunga daftari kabla ya siku ya mwisho, na magawio yao yamekadiriwa kuwa kiasi gani? Nikitoa hayo mawili, pengo linalobaki linatokana na nini? Na soko likinigeuka, nitadaiwa kiasi gani? Swali la mwisho lina uzito wake, kwa sababu faida na hasara za mikataba hii hukokotolewa kila siku ya biashara. Amana aliyoiweka mtu ni ndogo kuliko thamani ya mkataba, na soko likiteremka kwa asilimia 10, mkataba wa shilingi 400,000 umemlia 40,000, akitakiwa aongeze fedha papo hapo au afungiwe mkataba.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mikataba hii ina manufaa ya kweli kwa mfuko wa pensheni unaotaka kuzikinga hisa zake dhidi ya anguko, na sipendi nieleweke kuwa naipinga. Ninachokipinga ni kumuuzia mwalimu wa Isiolo tofauti ya riba na gawio kana kwamba ni habari ya kesho. Asiyepewa jibu la maswali yale manne, na abaki na akiba yake katika Sacco, ambako riba na gawio angalau huandikwa kila kimoja katika mstari wake.